Nusu Kidonge Katika Chai

Watu wa mtaa wa Kiwanjani huniita daktari, nami sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Ukweli ni kwamba nilisomea tiba ya mifugo kwa wiki sita, chini ya turubai, nikapewa cheti chenye mhuri na koti jeupe lililoshonewa mtu mwenye mabega mapana kuliko yangu. Tangu siku hiyo nimewachoma sindano mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, kuanzia hapa mjini Isiolo hadi Merti na kupita. Nikikatiza mnadani wazee hunisimamisha wanionyeshe goti la mnyama, au mara nyingine goti lao wenyewe. La mnyama ninalitibu. La mzee ninalitolea maoni, na maoni yangu huwa marefu.

Natanguliza haya ili ijulikane kwamba aliyefanya upumbavu ninaotaka kuusimulia hakuwa mtu asiyejua dawa. Asiyejua dawa asingeuweza. Ulihitaji mtu mwenye ujuzi kidogo na kujiamini kwingi.

Mambo yalianzia kwenye damu. Watu wa hospitali walikuja wakasimamisha hema karibu na uwanja, wakaomba wananchi wajitolee damu. Vijana walikuwa wanasukumana pale mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake aanze. Nikapita katikati yao na koti langu, nikakunja mkono wa shati, nikatangaza kwamba nimewatoa damu ngamia wenye hasira na hakuna aliyelia. Nikalala, nikatoa damu, nikapewa soda na biskuti, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Wiki chache baadaye nilipigiwa simu. Sauti ya mwanamke iliniuliza kwa upole kama ningeweza kufika hospitali mwenyewe, nisitume mtu. Nilidhani wanataka kunishukuru. Nilipiga koti pasi.

Aliyenipokea alikuwa daktari wa kike, kijana, mtu wa upande wa Meru, mwenye miwani na subira. Alifunga mlango ndipo akaniambia kwamba damu yangu imeonekana na virusi vya homa ya ini aina ya C. Ikabidi nitolewe damu nyingine ipelekwe Nairobi, kuangalia kama virusi bado vimo au vilishapita vikaacha alama tu. Majibu yaliporudi, vilikuwa vimo, tena vimejaa. Ini langu lilikuwa limeanza kupata makovu, lakini halijaharibika. Nilimwambia kwamba sijisikii mgonjwa hata kidogo. Akasema ndivyo ugonjwa huu ulivyo, unaweza kukaa na mtu miaka ishirini au thelathini bila kubisha hodi.

Aliniuliza kama nimewahi kuongezewa damu, kupasuliwa, kuchanjwa kwa wembe, au kuchomwa sindano nje ya hospitali. Nilicheka kwa hilo la mwisho, halafu nikaacha kucheka.

Nikiwa kijana, Merti, kulizuka homa na akaja mtu mmoja na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na bomba la kioo, sindano moja, na pamba iliyochovywa spiriti. Alitupanga mstari kando ya gari lake, akamchoma wa kwanza, akafuta ncha kwa pamba, akamchoma wa pili. Mimi nilikuwa kama wa kumi na mbili hivi. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka nikimtazama na kuona kwamba sijawahi kukutana na mtu mwenye heshima kama yeye, kwa jinsi wazee walivyomshikia kofia yake. Ni yeye aliyenitia hamu ya kazi hii. Kama ndiye aliyenipa na ugonjwa, basi nilichukua kwake vitu viwili siku moja, na kwa miaka yote hiyo nilijisifia kimoja bila kukijua kingine.

Daktari aliniambia nisikate tamaa.

"Mzee, hii ugonjwa inatibika kabisa," alisema. "Si ile dawa ya kumeza mpaka kufa. Ni kidonge moja kila siku, wiki kumi na mbili. Usiruke siku, na usigawie mtu. Na bibi yako umlete apimwe. Mara nyingi mabibi hawana, lakini lazima apimwe."

Nilitikisa kichwa kwa kila neno kama mtu wa kazi moja anayemsikiliza mwenzake. Akanieleza kwamba nikishamaliza tutasubiri wiki nyingine kumi na mbili, ndipo nipimwe tena, na hapo virusi visipoonekana nitakuwa nimepona. Nikatikisa tena. Nilitoka na kichupa cha kwanza mfukoni, na katika yote aliyoyasema nilikuwa nimebeba neno moja tu: mke wangu.

Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja. Tumelea watoto watano ambao sasa kila mmoja ana kwake, na nyumbani tumebaki sisi wawili na beberu mmoja aliyefungwa nyuma ya jiko, ambaye mke wangu alikuwa akimnenepesha kwa ajili ya Idi. Nilijaribu kumwambia siku hiyo hiyo. Nilikaa, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama unga umetosha. Kesho yake nilijaribu tena, nikamuuliza habari za dada yake. Kwetu ini ni ugonjwa wa walevi, na mimi sijawahi kuonja pombe, lakini nani angeamini? Hata hivyo aibu haikuwa kubwa kama hofu. Niliogopa kwamba nimeshamwambukiza. Niliogopa kuona uso wake akilipokea hilo kutoka kwangu. Mtu ninayeweza kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa nilishindwa kumwambia mke wangu sentensi moja.

Kichupa nilikificha ndani ya sanduku langu la kazi, kati ya dawa za minyoo na ile ya kuogeshea mifugo ili kuua kupe, ambayo harufu yake humfukuza mke wangu kabla hajafika. Wiki mbili za kwanza nilimeza kama nilivyoagizwa, kidonge kizima kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri. Kichwa kiliniuma kidogo siku za mwanzo, kisha kikatulia. Niliacha kutafuna miraa kama nilivyoshauriwa. Mwili ukawa mwepesi, hamu ya chakula ikarudi, na pamoja na hamu ya chakula ukarudi ujuaji wangu.

Katika kazi yetu hatumpimi kila mnyama. Mbuzi mmoja akianza kukohoa, unatibu boma zima, wagonjwa kwa wazima, na hakuna anayekuuliza majibu ya maabara yako wapi. Nilipoliangalia boma langu niliona lina watu wawili, na mmoja anatibiwa peke yake. Hiyo kwangu ilikuwa kazi mbovu, ya kuzembea. Halafu nikakumbuka jambo la pili: dawa hutolewa kwa kilo. Mwanambuzi hapewi dozi ya ngamia. Sasa hiki kidonge nilichopewa ni kilekile anachopewa jitu la kilo mia moja, na mimi, siku ile ya kutoa damu, mizani ilisema hamsini na nane. Nilipiga hesabu nikaona kwamba waliotengeneza dawa ile walikuwa wamenizidishia. Wasomi wa dunia nzima walikuwa wamekaa miaka na miaka wakitafuta dawa, wakasahau kitu ambacho mtu wa Kiwanjani alikigundua akiwa amechuchumaa kando ya sanduku.

Basi nikatoa wembe ninaoukatia vidonge vya ndama, nikakigawa kidonge katikati. Nusu nikameza. Nusu nikaisaga kwa kitako cha glasi ikawa unga. Kisha nikaingia jikoni.

Hapo lazima nieleze kwamba katika miaka thelathini na moja sikuwa nimepika chai. Nilijua inatoka jikoni, basi. Ilibidi nimuite mke wangu aliyekuwa anafagia uani nimuulize sukari inakaa wapi. Alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akanionyesha kwa kidole, akarudi kufagia. Nilichemsha maziwa ya ngamia, nikaponda tangawizi, nikaweka majani mengi kupita kiasi ili rangi ikolee, nikatia vijiko vitatu vya sukari na ule unga wangu, nikakoroga. Nikampelekea kikombe kwa mikono miwili.

Alionja. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Akasema asante, anakwenda kunywea nyuma ya jiko penye hewa. Baada ya muda alirudi na kikombe kitupu. Niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona hata kwa kumponya ngamia. Nilijisemea kwamba laiti wagonjwa wote wangekuwa watiifu kama huyu.

Nilifanya hivyo siku tisa. Kila asubuhi kikombe kilikwenda nyuma ya jiko kimejaa, kikarudi kitupu. Na nilipokwenda kliniki, muuguzi alihesabu vidonge vilivyobaki akakuta hesabu imetimia, akanisifu mbele ya wagonjwa wengine. Niliwageukia nikawaambia kwamba siri ni nidhamu.

Kumbe mke wangu naye alikuwa na uchunguzi wake. Mwanamume wa umri wangu ameamka siku moja ameacha miraa. Anapiga pasi koti na kwenda mjini kwa siku zilizopangwa. Simu ikilia anatoka nje kuipokea na kuzungumza kwa sauti ya chini. Amekuwa mpole. Na juu ya yote hayo, anapika chai. Alipowasimulia majirani wanawake, hawakuhitaji hata kufikiri. Walimwambia kwa kauli moja kwamba mume wako anaongeza mke, na huyo mwenzako amekwishapatikana.

Sikujua lolote mpaka siku hiyo ya tisa, nilipotoka msikitini baada ya alasiri nikakuta pikapu ya vumbi jingi imesimama mlangoni. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, amekuja kutoka Merti, na amebeba mkebe wa nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa katika mafuta, kama mgeni mwenye adabu. Kaka huyu ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa maneno machache, na ngamia wake nimewatibu mara nyingi. Niliposalimu aliitikia salamu yangu yote kwa ukamilifu, lakini hakuinua macho. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani. Nilijua ule ni mkeka wa kesi, ila sikujua mshtakiwa ni nani, nikakaa upande wa waamuzi.

Kaka yake alianza kwa kunieleza kwamba dini haikatazi. Alisema mtu akitaka kuongeza nyumba ana haki yake, na yeye kama shemeji hana la kupinga, ila huwaambia wenyewe kwanza, wala hapiti mlango wa nyuma. Nilimuunga mkono. Nilisema ni kweli, watu wa siku hizi hawana adabu, na nikataka kutoa mfano. Ndipo nikaona wote wawili wananitazama.

Mke wangu akatoa ushahidi wake, mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti. Miraa. Koti. Simu. Chai. Alipofika kwenye chai alinigeukia. Alisema yote hayo angeyavumilia, lakini chai ilikuwa na uchungu, na hapo alijua kwamba nimekwenda kwa mganga nikapewa kitu cha kumlainisha moyo, ili mke wa pili akiletwa amkubali kama kondoo.

"Sikuinywa hata siku moja," alisema. "Nilimpa mbuzi. Siku tisa nimempa mbuzi, nione kama atalainika. Hajalainika. Jana amenipiga pembe."

Nilianza kucheka. Najua haikuwa mahali pake, na nilimwona shemeji akikaza taya, lakini sikuweza kujizuia. Nilimwona yule beberu kule nyuma, amenenepa, ndevu zake zimelowa, ametibiwa homa ya ini kwa siku tisa mfululizo na daktari bingwa wa Kiwanjani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikagundua kwamba machozi yanatoka na kicheko kimeisha, na kwamba nalia mbele ya shemeji yangu kama mtoto.

Niliwaambia yote. Damu, simu, sanduku la bati la Merti, wiki kumi na mbili, nusu kidonge. Nilisema nikitazama mkeka. Nilipomaliza, shemeji yangu, ambaye alikuwa amesafiri njia yote ile ya mashimo kuja kuzuia harusi, alivua kofia akaiweka gotini, hajui afanye nini na hasira aliyoileta.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu. Kama na yeye anao ugonjwa huo. Nilimjibu kwamba sijui.

"Abba warra," aliniita, mwenye nyumba, kama anavyoniita tangu nimwoe nyumbani kwao. "Mbuzi hawezi kukujibu, ndiyo maana humuulizi. Mimi ningekujibu."

Akasimama, akaingia ndani. Nimeshapigwa teke na ngamia mara mbili. Hakuna hata moja lililoniuma kama lile.

Asubuhi yake tulikwenda hospitali wote watatu katika pikapu, yeye na kaka yake mbele, mimi nyuma na gurudumu la akiba. Mbele ya daktari nilieleza tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kucheka. Alivua miwani. Aliniuliza kwa utaratibu, siku ngapi, nusu kila siku, na zile wiki mbili za kwanza nilimeza kizima? Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikaanza kumweleza habari ya kilo.

"Mzee, wewe ni daktari ya nini?" akanikatiza.

Nikasema ya mifugo.

"Basi hiyo mbuzi iko na daktari. Wewe hauna. Kutoka leo wewe ni mgonjwa."

Alitoka kupiga simu kwa wakubwa wake. Aliporudi alisema niendelee kumeza kidonge kizima, nisiruke wala nisiongeze, nimalize. Pengine zile nusu hazikuharibu kitu. Pengine nimevipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, na dawa ya pili ya kuvikimbiza ni ngumu kuipata. Hakuna atakayejua mpaka kipimo cha mwisho. Alisema hayo bila ukali, na ningependa angenigombeza.

Kisha akamgeukia mke wangu. Alimchoma kidoleni, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, akasema tusubiri dakika ishirini. Tulikaa kwenye benchi la korido. Kaka yake alisimama dirishani. Mke wangu aliweka mikono yake mapajani, kidole kimoja kimefungwa pamba, na sikuthubutu kuugusa mkono ule. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu habari za wanyama wao, huyu atapona, huyu mchinjeni, kisha naomba maji ya kunawa. Sikuwahi kufikiri ilivyo kukaa upande ule mwingine. Nilimwomba Mungu anipe mimi habari mbaya zote, za kwangu na zake, na niliomba kwa dhati.

Daktari alifungua mlango akasema hana. Mke wangu akauliza tena, na daktari akarudia, hana kabisa, yuko sawa. Nilijiinamia nikashika kichwa. Niliposikia sauti ya mke wangu tena, alikuwa anauliza kama dawa ile itamdhuru mbuzi.

Daktari alisema hilo hajui, amuulize mumewe.

Kwa hiyo nikatoa ushauri wangu wa kitaalamu, wa kwanza nilioombwa siku hiyo. Mnyama akipewa dawa haliwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Nimewaimbia wafugaji sheria hiyo maisha yangu yote, na wao huniitikia vizuri kisha wanachinja. Kwenye kichupa changu hapakuandikwa siku za mbuzi. Ikabidi niamue kwamba haliwi milele. Shemeji yangu akarudi Merti bila kuchinjiwa, jambo ambalo kwetu halifanywi, na hadithi akawa nayo garini. Sokoni walianza kuniuliza hali ya mgonjwa, na nilipojibu kwamba sijambo, waliniambia hawakuniuliza mimi.

Tangu asubuhi ile dawa ilitoka sanduku la kupe ikahamia juu ya kabati la vyombo, kwa mke wangu. Baada ya alfajiri alinikalisha kwenye kigoda. Alinipa kidonge, akanipa maji, akanishika kidevu akakiinua juu, akapitisha vidole viwili kooni mwangu kutoka juu kwenda chini, vilevile ninavyowafanyia ndama wasiotaka kumeza. Alikuwa amenitazama nikifanya hivyo miaka yote. Kisha alinifungua mdomo akaangalia chini ya ulimi. Hakukosa siku moja, na hakuzungumza sana. Chai alipika mwenyewe, ananiwekea kikombe changu, anakunywa chake. Nilijaribu mara moja kuingia jikoni nisaidie, akaniambia nikae.

Vidonge vilikwisha. Ndipo zikaanza zile wiki nyingine kumi na mbili, ambazo huna cha kumeza wala cha kufanya. Hizo ndizo zilizonikondesha. Niliendelea na kazi, nilikwenda Sericho kuchanja, na kila nilipomchoma mnyama nilibadilisha sindano, mbuzi mmoja sindano moja, mpaka wenye mifugo wakalalamika kwamba nawacheleweshea siku. Idi ikafika. Tulinunua nyama buchani. Yule beberu alikula maganda yetu akatutazama.

Siku ya majibu nilikwenda peke yangu, kwa sababu mke wangu alisema kama ni mabaya anataka kuyasikia kutoka kwangu, kwa mdomo wangu, nizoee. Sikuvaa koti. Daktari alinionyesha karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. Virusi havikuonekana. Nilimuuliza ana hakika. Aliniambia nimepona, nisijaribu tena kupunguza dozi ya mtu, na nikaona kwamba anatabasamu.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilisimama mlangoni, na sentensi ya aina ile iliyonishinda mwanzoni ikatoka nyepesi, kwamba nimepimwa na sina tena. Aliliweka sinia chini. Alijifunika uso kwa shuka yake akasema Alhamdulillahi, akarudia mara nyingi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama niingie au nitoke. Niliingia nikakaa kwenye kigoda.

Alipojifuta macho aliniambia amechoka, na kwamba kama bado nakumbuka sukari inakaa wapi, nipike chai.

Nilipika. Nilifanya kila kitu mbele yake, polepole, mikono yangu ikionekana. Maziwa, tangawizi, majani, sukari. Nilimimina kikombe kimoja nikampa kwa mikono miwili. Hakukipokea. Alikitazama, akaniambia nionje kwanza.

Nikaonja. Nikameza. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi, akaangalia.

Ndipo akakichukua kikombe. Alikunywa akiwa amekaa palepale mbele yangu, hakutoka kwenda nyuma ya jiko, akakinywa mpaka majani ya chini. Nje, mbuzi alikuwa amesikia mlio wa kikombe na analia akitaka fungu lake. Hakuna aliyempelekea.